Matetemeko Madogo Yafuatanapo: Je, Ni Ilani ya Zilizala Kubwa?

Mtu akitikisikiwa na nyumba mara moja usiku hustuka, kisha akalala. Lakini ikitikisika mara kumi, na kesho yake mara thalathini, na wiki nzima ikawa hivyo, hana budi kuuliza: Je, hii ni ilani ya zilizala kubwa, au ni mambo ya kupita tu? Suali hili huwafika mara kwa mara watu wakaao kando ya Bahari ya Pasifiki, toka Chile mpaka Japani. Yako majibu mawili mepesi, "ndiyo" na "la", na kila moja lina khatari yake.

Kwanza na tufahamu mambo yanavyokwenda. Gamba la dunia si kipande kimoja. Limekatika mabamba makubwa, na kila bamba lakwenda njia yake polepole mno. Katika pwani ya kaskazini ya Chile, bamba liitwalo Nazca, lililo chini ya bahari, huzama chini ya bara la Amerika ya Kusini kwa mwendo wa sentimita 6 au 7 kila mwaka. Lakini haliendi kwa utaratibu mmoja. Aliyepata kukokota sanduku zito juu ya sakafu aijua khabari hii: huvuta, sanduku halitoki, huzidi kuvuta, mara likaruka. Vivyo hivyo mahali mabamba yalipogandana, nguvu hukusanyika miaka mingi, na siku yanapobanduka ardhi hutikisika, na sakafu ya bahari ikiinuka huyasukuma maji yote yaliyo juu yake. Hayo ndiyo mawimbi ya tsunami.

Ama matetemeko yanayokuja kwa wingi mahali pamoja, twaweza kuyaita bumba, kama bumba la nyuki, ijapokuwa bumba hili halina malkia: hakuna moja lililo kubwa mbali na mengine. Pengine huletwa na maji au mawe yaliyoyeyuka yanayopenya katika nyufa za chini. Pengine ni mabamba yenyewe yanayoteleza kidogo kidogo pasipo kishindo. Na hapo ndipo penye uzito, kwa maana mtu aliye juu hawezi kupambanua lipi ni lipi.

Tutazame mji wa Iquique, kaskazini ya Chile. Zilizala kubwa ya mwisho katika pwani ile ilikuwa ya mwaka 1877, na tangu hapo mabamba yalikuwa yamegandana. Ukipiga hisabu ya sentimita zile kwa miaka 137 utapata yapata mita 9 za mwendo uliozuiwa. Tarehe 16 Machi 2014 likaja tetemeko la ukubwa wa 6.7. Watu wa pwani waliamrishwa kupanda juu, wakapanda, kisha wakarejea. Matetemeko hayakukoma, yaliendelea siku baada ya siku. Bila shaka walikuwako waliochoka, wakasema kuwa ardhi inajipunguzia mzigo wake kidogo kidogo, na kwa hivyo kubwa halitakuja.

Maneno haya ya "kupunguza mzigo" yamewakaa watu wengi vichwani, nao hudhani ni elimu. Hisabu yayakataa. Kila daraja moja ya ukubwa inapozidi, nguvu huzidi yapata mara 32. Kwa hivyo zilizala ya daraja ya 8 ina nguvu kama elfu moja za daraja ya 6. Ni matetemeko mangapi madogo yatakayolipa deni la namna hiyo? Tarehe 1 Aprili, saa 2.46 usiku, ikaja zilizala ya 8.2. Watu yapata laki tisa waliondoka pwani usiku ule, na waliokufa hawakufika kumi. Msiba ulikuwa mdogo kwa sababu mwaka 2010 Chile ilikuwa imefundishwa kwa uchungu: baada ya zilizala ya 8.8 katikati ya nchi, ilani ya tsunami iliondolewa kabla ya wakati wake, na mawimbi yakaja kuwachukua watu waliokwisha kutulizwa. Na deni lenyewe halikwisha kulipwa, kwani mwaka 2014 ilibanduka sehemu moja tu ya mahali palipogandana tangu 1877.

Katika Japani pia, tarehe 9 Machi 2011, kulipita tetemeko la 7.3 mbele ya pwani ya kaskazini mashariki. Siku mbili baadaye ikaja ile ya 9.0, na watu zaidi ya 18,000 wakafa au kupotea.

Mwenye kusoma mpaka hapa huenda akasema: basi jawabu ni "ndiyo". Asifanye haraka. Katika Matsushiro, mji wa bara huko Japani, matetemeko yalianza Agosti 1965, yakaendelea miaka miwili na zaidi. Mitambo iliandika zaidi ya 700,000, na katika hayo zaidi ya 60,000 watu waliyahisi kwa miili yao. Kubwa kuliko yote lilikuwa la 5.4 tu. Maji yalibubujika, milima ikaporomoka pahala pahala, kisha ardhi ikatulia.

Na karibu zaidi ni khabari ya visiwa vya Tokara, kusini ya Japani, ambako bamba la Bahari ya Ufilipino lazama chini ya visiwa. Mwezi wa Disemba 2021 palikuwa na matetemeko zaidi ya 300, yakapita. Juni 2025 yakaanza tena, na katika wiki mbili yakapita 1,000. Katika kisiwa cha Akuseki mtikiso wa tarehe 3 Julai ulikuwa mkali hata kusimama kukawa ni tabu, na baadhi ya wenyeji wakapanda meli kwenda Kagoshima. Wakati huo huo uvumi ulikuwa umeenea Asia ya Mashariki kuwa msiba mkuu utakuja tarehe 5 Julai, na asili yake ilikuwa ndoto iliyotiwa katika kitabu cha michoro! Wasafiri wa Hong Kong walivunja safari, mashirika ya ndege yakapunguza ndege zao. Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani alisema wazi kuwa elimu ya leo haiwezi kutaja siku, pahala na ukubwa wa zilizala ijayo. Tarehe 5 ikapita bila ya msiba ule. Nasi huku tusiwacheke, maana wapiga ramli wetu hawajakosa wateja.

Basi wenye elimu husema nini? Tarehe 8 Agosti 2024, baada ya tetemeko la 7.1 karibu na Kyushu, idara ile ile ilitangaza kuwa uwezekano wa zilizala kubwa ya Nankai umezidi kuliko siku zote, ingawa ungali mdogo. Watu waliombwa wajiweke tayari wiki moja, wazijue njia za kukimbilia juu, huku wakiendelea na kazi zao. Wiki ikaisha, ilani ikaondolewa. Wako walioona ni fedheha kuonya jambo lisitokee. Mimi naona huo ndio uaminifu, kwani hawakutaja siku wala hawakuwaahidi watu salama.

Sisi wa pwani hii hatuko juu ya mahali pa namna hiyo, lakini bahari ni moja. Tarehe 26 Disemba 2004 zilizala ya 9.1 ilipasua sakafu ya bahari mbele ya Sumatra. Hapa petu hapakutangulia bumba la matetemeko wala mtikiso wowote. Baada ya saa kadhaa maji yalikupwa na kujaa si kwa wakati wake, askari wakawaondoa watu ufukoni, na mtu mmoja akafa maji upande wa Malindi. Tangu hapo mataifa ya Bahari ya Hindi, kwa usimamizi wa UNESCO, yameweka mitambo ya kupashana ilani. Lakini aliye ufukoni akiona maji yanakimbia nje si kwa wakati wake, asingoje mtambo. Apande juu, wala asirejee wimbi la kwanza linapopita, kwani mara nyingi la pili au la tatu huwa kubwa kulipita.