SOMO LA ROBO HII: TUMSAIDIE MWANAFUNZI WA CHUO BILA KUMWANIKA



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu vijana wetu walioko vyuoni. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati na kujadiliwa bila haraka, kwa sababu linagusa jambo ambalo wengi wetu tumelifanya kwa nia njema na likaleta madhara. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

Tuanze na kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita mfuko wetu ulikuwa unamlipia ada binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Alikuwa mtoto wa mjane, na parokia yake ilichangia nusu ya ada kwa sadaka maalumu. Matokeo ya muhula yalipotoka tulimwomba nakala, naye akatuma. Alikuwa na masomo matatu ya kurudia mtihani, yaani sapu, kama wanavyosema wenyewe. Pamoja na matokeo alituandikia barua akieleza kwamba alikuwa ameugua. Akautaja na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa alituamini.

Barua ile ilitolewa nakala kwa ajili ya kikao. Nakala moja iliambatanishwa na taarifa ya mfadhili. Nyingine ilisahaulika mezani. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, majina ya wanafunzi wote tunaowalipia yalisomwa pamoja na matokeo yao, ili waumini wajue sadaka yao imefanya kazi gani. Mama yake alikuwa kanisani. Kabla ya Jumapili ya pili, ugonjwa wa binti yule ulikuwa unazungumzwa kwenye jumuiya ndogondogo na hata bombani wanakochota maji.

Binti aliacha kupokea simu zetu. Katibu wetu alipomfuata, alimjibu kwa adabu kwamba anaishukuru sana ada, ila imekuwa ghali kuliko anavyoweza kulipa. Akaacha masomo mwaka ule. Mwaka uliofuata mjomba wake aliuza ng'ombe wawili, naye akarudi chuoni bila msaada wetu. Tulimwandikia kumwomba radhi. Hakujibu, na hatumlaumu.

Hesabu za mwaka ule zilikaguliwa zikaonekana safi. Kila shilingi ilifika chuoni. Tulichokipoteza hakikuwa na mahali pa kuandikwa katika daftari la hesabu.

Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima

Sisi wazazi tumezoea utaratibu wa shule. Mwalimu mkuu humwita mzazi, ripoti huletwa nyumbani, matokeo hubandikwa ubaoni. Chuoni mambo hubadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na wengi wanaoingia chuo kikuu baada ya kidato cha sita wameshavuka umri huo. Matokeo yake, rekodi zake za nidhamu, faili lake la matibabu na maneno aliyomwambia mshauri ni mambo yake. Anayemlipia mgonjwa gharama za hospitali hapati kwa hiyo ruhusa ya kusoma cheti chake wodini kwa sauti. Na sisi tunaolipa ada tuko hivyo hivyo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindiwa faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka utaratibu wa kulinda haki hiyo na kuunda Tume ya kuusimamia. Kwa kifupi, sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisizidi zile zinazohitajika, ziwe sahihi, zitunzwe kwa usalama, na zisikae kuliko muda unaohitajika. Mwenye taarifa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kirekebishwe. Taarifa za afya na za imani ya dini zimo katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziguswi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Msidhani sheria hii ni ya mabenki na makampuni ya simu tu. Kamati yenye daftari la majina, namba za simu, matokeo na hali za familia za wanafunzi inatunza taarifa za watu. Sheria pia inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wajisajili kwenye Tume, hivyo ni vema kila parokia ikaomba mwongozo wa ofisi ya jimbo.

Hata pasipokuwa na sheria, Maandiko yametutangulia. Mithali 11:13 inamtofautisha mchongezi anayetembeza siri na mtu mwaminifu anayesitiri jambo. Katika Mathayo 18:15 Bwana wetu anatufundisha kwamba ndugu aliyekosa huendewa kwanza faraghani. Na Mathayo 6:1-4 inatuonya juu ya sadaka inayotolewa ili watu waione. Tulipokuwa tunasoma matokeo ya vijana pale mbele, tulikuwa tunamsaidia nani?

Msaada ulioko chuoni

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa kama la kwanza. Tulimwomba binti yule matokeo, lakini hatukumuuliza kama anazijua ofisi za chuo zinazoweza kumsaidia. Kila mwanakamati anayefuatilia wanafunzi anapaswa kuzifahamu hizi:

1. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hapa hupelekwa masuala ya malazi, ugonjwa, msiba na migogoro. Mwanafunzi aliyezidiwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi, akiambatanisha cheti cha daktari. Akifanya hivyo mapema na kukubaliwa, nafasi yake hulindwa. Anayekosa mitihani kimya kimya anaweza kuondolewa chuoni, au kudisko kwa lugha yao. Binti yule alikuwa na sababu halali na cheti cha daktari, ila hakujua mlango wa kubisha.

2. Zahanati ya chuo na bima ya afya. Muulizeni mwanafunzi kama bima yake iko hai. Yapo mahali ambapo ada ililipwa yote na bima ikasahaulika.

3. Ushauri nasaha. Vijana wengi huona aibu kwenda, wakidhani ni kwa ajili ya wagonjwa wa akili tu. Paroko au mwanakamati akilisema vizuri neno hili, hofu hupungua.

4. Dawati la jinsia. Mwanafunzi anayedaiwa rushwa ya ngono ili apewe alama ana pa kulalamikia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya namna hiyo kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Hapa usiri ni wa lazima kabisa. Kijana akihisi kwamba maneno yake yatafika kijijini kabla yake, atanyamaza.

5. Mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Wapo wanaopata mkopo wa sehemu tu, na hapo ndipo parokia inaweza kujazia pengo. Vijana wakumbushwe kwamba fedha ya kujikimu wanayoiita bumu ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Asiachwe peke yake

Baadhi ya kamati huwaagiza vijana wasijiunge na chochote chuoni ila wasome tu. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini tulichokiona kwa miaka mingi ni kwamba mwanafunzi asiye na kundi lolote akianguka, hakuna anayegundua. Aliyeko kwenye kwaya akikosa mazoezi mara mbili, wenzake hugonga mlango wake.

Kwa vijana wetu Wakatoliki upo umoja wa wanafunzi wa vyuo, TMCS, wenye padre mlezi, misa na mafungo. Wengine hufaa katika michezo, vilabu vya taaluma au serikali ya wanafunzi, ambako hujifunza kuendesha kikao na kutunza fedha za wenzao. Kinachotakiwa ni kiasi.

Parokia inaweza kumwandikia padre mlezi barua ya kumtambulisha kijana, kwa ruhusa yake. Barua itaje jina lake na parokia anayotoka. Isitaje kwamba analipiwa ada. Hilo akitaka atalisema mwenyewe.

Utaratibu tunaopendekeza

Baada ya kosa letu tulikaa na wanafunzi wenyewe, wakatusaidia kupanga utaratibu huu tunaoutumia sasa:

1. Mwanzoni mwa masomo mwanafunzi husoma na kutia sahihi fomu ya ukurasa mmoja. Fomu inaeleza ni taarifa gani tutaziomba, nani ataziona, kwa kusudi gani na zitakaa muda gani. Anaweza kuondoa ridhaa yake.

2. Ada hulipwa moja kwa moja chuoni kwa ankara na namba ya malipo inayotolewa na chuo. Stakabadhi huenda kwa mhazini.

3. Kila mwisho wa muhula tunauliza mambo matatu tu: je, anaendelea na masomo, anadaiwa kiasi gani, na je, kuna msaada anaouhitaji? Nakala ya matokeo huonwa na watu wawili waliochaguliwa. Kamati huambiwa kama anaendelea au la.

4. Habari za ugonjwa, ujauzito au familia haziandikwi kwenye muhtasari wa kikao. Huandikwa kwamba mwanafunzi amepata dharura na kamati imeidhinisha msaada.

5. Mafaili hufungiwa kabatini, na funguo ziko kwa watu wawili. Picha za matokeo au za barua haziwekwi kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mwanafunzi akimaliza, karatasi zisizohitajika kwa ukaguzi huchomwa.

6. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, hatukai kimya kwa kisingizio cha siri. Tunamwambia yule anayeweza kuokoa, naye peke yake, na mwanafunzi hujulishwa kwamba tumefanya hivyo.

Hoja tunazozisikia

Wazee wengine hutuambia kwamba fedha ni za waumini, hivyo wana haki ya kujua. Ni kweli, na hesabu za fedha zisomwe hadharani hadi senti ya mwisho: kiasi kilichokusanywa, kilicholipwa, idadi ya wanafunzi, wangapi wamehitimu na wangapi wamekatisha. Muumini anayejua hayo ameshapewa haki yake.

Wengine hutukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii ni ya hekima, lakini inamsema mgonjwa anayemficha mganga. Haimlazimishi mgonjwa kutangaziwa sokoni. Tena, tulipoanza kutunza siri, vijana walianza kusema mapema. Zamani tulikuwa tunasikia habari baada ya kudisko. Siku hizi baadhi yao hutupigia simu mtihani ukiwa bado, na muda wa kusaidia ukiwepo.

Neno kwa wafadhili

Ninyi mnaotutumia michango, kutoka hapa nchini na ng'ambo, mmezoea kupokea barua na picha ya mwanafunzi mnayemsaidia. Kuanzia sasa mtapata barua pale tu mwanafunzi atakapopenda kuandika, na picha pale atakaporidhia. Hatutawatumia nakala za matokeo yenye majina. Sheria ya mwaka 2022 imeweka masharti pia kwa taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi. Tunajua kwamba simulizi ya mateso ya kijana huvuta mchango haraka. Tunawaomba mtuamini kwa hesabu zilizokaguliwa, na mje kututembelea.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni taarifa gani za wanafunzi zinazosomwa au kusambazwa, na kwa faida ya nani?
2. Mafaili yetu yako wapi sasa hivi, na nani ana ufunguo?
3. Ni nani kati yetu anayejua jina la ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika kila chuo wanakosoma vijana wetu?
4. Je, yupo kijana tunayepaswa kumwomba radhi?

Tusali: Ee Mungu, unayeijua mioyo yetu na kuisitiri, utujalie kuwapokea vijana wetu kwa namna hiyo hiyo. Ulinde ulimi wetu, ubariki mikono inayotoa, na umrudishie heshima yake kila kijana tuliyemwaibisha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.