Sindano ya Kupunguza Asidi Tumboni: Ni ya Nani, na Itumikeje?



Katika somo hili tunazungumzia maumivu ya chembe ya moyo, kiungulia na kile ambacho wengi wetu huita vidonda vya tumbo. Ni matatizo yanayozisumbua familia nyingi, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi machimbo ya Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa mkoani Geita. Mchimbaji anayeshinda na njaa shimoni hataki kukaa foleni. Anataka achomwe sindano arudi kazini. Hata nyumbani wapo wanaoamini kwamba kidonge ni dawa ndogo na sindano ndiyo dawa kamili. Imani hiyo ina hatari, nasi tunaomba tuitazame pamoja.

1. Vidonda vinatoka wapi?

Tumbo hutengeneza asidi ili kusaga chakula na kuua vijidudu. Ukuta wake hulindwa na ute. Ute huo ukiharibika, asidi huanza kula ukuta wenyewe, na hapo kidonda hutokea.

Wengi husingizia maharage au mawazo. Lakini sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Aligunduliwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, mwaka 1982, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ya pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni. Mtu anayebeba mawe kutwa na kumeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo anauumiza ukuta wa tumbo lake bila kujua.

2. Nani anahitaji sindano?

Sindano za omeprazoli na pantoprazoli ni dawa nzuri, lakini ni za hospitali. Hupewa:
(a) mgonjwa anayetapika au asiyeweza kumeza;
(b) mgonjwa anayevuja damu tumboni;
(c) mgonjwa mahututi aliyelazwa, kama daktari ataona inafaa.

Akianza kumeza vizuri na damu ikiwa imekoma, kwa kawaida hubadilishiwa vidonge. Kwa wengine wote, kidonge kilichomezwa nusu saa kabla ya kula hupunguza asidi vizuri. Sindano haimwui yule bakteria. Yeye hupimwa, kwa mfano kwa choo, na akionekana mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki, mara nyingi kwa siku 14. Dozi imalizwe, hata kama maumivu yamekwisha siku ya nne.

3. Sindano hutolewaje?

Omeprazoli na pantoprazoli za sindano huwa ni unga ndani ya kichupa. Mhudumu huuyeyusha kwa maji maalumu, kisha huingiza dawa katika mshipa wa damu. Hazichomwi kwenye makalio. Haichanganywi na dawa nyingine katika bomba moja. Huingizwa polepole: pantoprazoli isipungue dakika 2, omeprazoli isipungue dakika 2 na nusu, au ipitishwe kwenye dripu. Hapa kweli haraka haraka haina baraka. Bomba na sindano viwe vipya, vifunguliwe mbele ya mgonjwa. Sindano iliyokwisha kutumika inaweza kuleta UKIMWI na homa ya ini.

Kuna pia ranitidini. Hiyo ikisukumwa haraka mshipani, mapigo ya moyo yanaweza kupungua ghafla. Tena mwezi Aprili 2020 Marekani iliwaomba watengenezaji waiondoe sokoni, kwa sababu ndani yake ilionekana kemikali inayodhaniwa kuleta saratani. Ukiandikiwa, muulize daktari kama ipo dawa nyingine.

4. Mwambie mhudumu kabla hajachoma

Mweleze kama una mimba, una ugonjwa wa ini, au uliwahi kuvimba au kuwashwa kwa sababu ya dawa. Taja dawa zote unazotumia. Omeprazoli hupunguza nguvu ya atazanaviri, mojawapo ya dawa za ARV, na inaweza kuzidisha nguvu ya fenitoini ya kifafa na wafarini ya kuzuia damu kuganda. Usione haya, siri hii ikifichwa, anayeumia ni wewe.

5. Hatari inayohusu kanda yetu

Mtu akitapika damu, watu husema, "Ni vidonda, achomwe sindano." Lakini kwetu, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, damu hiyo mara nyingi hutokana na kichocho cha utumbo. Mayai ya minyoo hiyo huharibu ini kwa miaka mingi. Damu hukosa njia, mishipa ya koo la chakula huvimba, na siku moja hupasuka. Sindano ya asidi haiwezi kuifunga mishipa hiyo. Mgonjwa anahitaji kuongezewa damu na kufanyiwa kipimo cha kamera, ambacho daktari hukitumia pia kuifunga mishipa. Huduma ya kamera inapatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Anayepoteza saa sita akichomwa sindano mtaani anaweza asifike.

Nenda hospitali mara moja ukiona:
- matapishi ya damu, au yanayofanana na unga wa kahawa;
- choo cheusi kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, basi vitaje);
- maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu;
- kizunguzungu, jasho baridi au kuzirai.

Mlaze kwa ubavu. Asipewe chakula, maziwa, magadi wala dawa za mizizi. Ndugu wawili au watatu waende naye, maana huenda damu ikahitajika.

Anayekonda au kukwama chakula kooni asiendelee kutuliza maumivu kwa dawa za asidi. Zinaweza kuficha saratani ya tumbo mpaka iwe imechelewa.

6. Ya kujadiliana nyumbani

- Je, nani katika nyumba yetu anameza dawa za maumivu kila siku? Amwone daktari lini?
- Duka la dawa ni la kuuza dawa. Je, yupo kati yetu anayechomewa sindano dukani au kambini?
- Mgonjwa akitapika damu usiku huu, tutatumia usafiri wa nani, na nani atakwenda naye?

Swali hili la mwisho lijibiwe leo, wakati wote ni wazima.