Kutuma Shada la Maua Mbulu na Hanang: Mjue Anayelifunga Kabla ya Kulipa

Mlaji anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Muscat, na ambaye wazazi au ndugu zake wako Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu, anaweza leo kuagiza shada la maua kwa simu ya mkononi. Atachagua picha, atalipa, na ataahidiwa kwamba shada litafikishwa “na muuza maua wa eneo husika”. Ahadi hiyo huweza kuwa ya kweli. Huweza pia kutolewa na mtu asiyemfahamu muuza maua hata mmoja katika wilaya hizo.

Hasara yake haipimwi kwa fedha peke yake. Redio mbovu hurudishwa dukani na kubadilishwa. Shada lililofika baada ya maziko halina tena kazi, na harusi hairudiwi ili maua yaliyochelewa yapate nafasi yake. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa maua anahitaji tahadhari kubwa zaidi kabla ya kulipa, kwa kuwa baada ya tukio hakuna fidia itakayorejesha siku iliyopita.

Katika somo hili msomaji atajifunza jinsi biashara ya kutumiana maua inavyoendeshwa, mahali maua yanapotoka, haki anazopewa na sheria, na hatua za kuchukua akidanganywa.

1. Nani anapokea fedha, na nani anafunga shada?

Utaratibu wa kununua maua mji mmoja na kuyafikisha mji mwingine una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliungana ili kupeana oda kwa telegramu: mteja alilipa dukani kwake, na duka mwenza katika mji wa mbali lilifunga maua na kuyapeleka. Uingereza ilianza utaratibu kama huo mwaka 1923. Msingi wake ulikuwa kufahamiana. Kila duka lilijua mwenzake ni nani na yuko mtaa gani, na lilijua jinsi ya kumdai.

Siku hizi nafasi ya duka la kwanza imechukuliwa mara nyingi na tovuti au ukurasa wa mtandaoni usio na ua hata moja. Kazi yake ni udalali. Udalali si kosa, lakini mlaji anapaswa kujua kwamba upo na kwamba una gharama. Tuchukulie mfano. Mteja amelipa shilingi 120,000. Dalali akikata asilimia 25, yaani shilingi 30,000, zinabaki 90,000. Usafiri ukigharimu shilingi 20,000, maua yatafungwa kwa shilingi 70,000. Akiwepo dalali wa pili, naye akakata asilimia 20 ya zile 90,000, yaani shilingi 18,000, mfungaji atabaki na shilingi 52,000. Picha aliyoonyeshwa mteja ni ya shada la shilingi 120,000. Shada atakalopokea mama yake ni la chini ya nusu ya thamani hiyo.

Hatari huwa kubwa zaidi katika miji midogo. Dalali wa mtandaoni huweza kunakili orodha ya wilaya zote za nchi na kuandika kwamba anazihudumia zote. Ukisoma maelezo yake kuhusu Mbulu, kisha ukasoma yale ya Hanang, ukakuta ni maneno yale yale na jina la wilaya tu limebadilishwa, elewa kwamba mwandishi wake huenda hajui kama Katesh iko chini ya Mlima Hanang au iko pwani.

2. Maua hutoka wapi?

Mawaridi mengi yanayolimwa kibiashara kaskazini mwa Tanzania hutoka katika mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, ambayo sehemu kubwa ya mazao yake huuzwa nje ya nchi. Shada la mawaridi linalofika Katesh au Mbulu mjini kwa kawaida limeanza safari yake upande huo. Kutoka Arusha hadi Babati ni takriban kilomita 170. Kutoka Babati, barabara ya lami iendayo Singida hupita Katesh. Anayekwenda Mbulu huweza kuacha lami Dareda na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh, au kupitia Karatu. Wakati wa masika safari hizo huweza kuchukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Mwenye kuahidi mawaridi mabichi “leo kwa leo” hadi Haydom, ilhali ameagizwa saa sita mchana, anapaswa kueleza maua hayo yako wapi wakati huo. Kama yako Arusha, ahadi yake haitekelezeki.

Ipo njia nyingine ambayo watumaji wengi huisahau. Nyanda za juu za Mbulu zina ubaridi unaofaa maua, na bustani za nyumbani, za parokia na za shule huwa nayo. Wapambaji wa kumbi za harusi wa Mbulu mjini na Katesh mara nyingi hujua ni nani ana maua gani na kwa msimu upi. Shada lililofungwa asubuhi kwa maua ya bustani ya jirani huweza kuwa bichi na la bei nafuu kuliko mawaridi yaliyosafiri siku nzima. Ndugu aliyeko huko, katekista au mwalimu anayefahamika huweza kukuunganisha na mpambaji huyo.

3. Sheria inamlindaje mlaji?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kudai uhusiano na duka usilo na uhusiano nalo ni upotoshaji. Sheria hiyo pia inakataza kupokea malipo pasipo nia ya kutoa bidhaa, au pale ambapo mpokeaji ana sababu ya kujua kwamba hataweza kuitoa kwa wakati.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiuziwa “mawaridi mekundu mabichi 24” na yakaletwa maua ya plastiki, au mawaridi 12, una haki ya kuyakataa. Kuhusu muda wa kufikisha bidhaa, sheria hiyo inaachia makubaliano yenyewe yaonyeshe kama muda ni sharti la msingi. Kwa hiyo usiandike “Jumamosi” tu. Andika: “Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo sitalihitaji.”

Kwa mauzo ya mtandaoni, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe, atoe anwani na mawasiliano yake, na aeleze bidhaa na bei yake. Tovuti isiyoonyesha mwenye nayo ni nani wala yuko wapi imeshindwa kutimiza sharti la kwanza kabisa.

Tatizo hili si la Tanzania pekee. Mwaka 2024 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamuru kampuni moja inayouza maua mtandaoni ilipe faini ya dola milioni 1 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja kuhusu punguzo la bei na nyota za ubora zilizodaiwa kutolewa na wateja. Nyota tano na maneno “punguzo la nusu bei” ni matangazo, na hayana budi kuthibitishwa kama tangazo lingine lolote.

4. Maswali saba ya kuuliza kabla ya kulipa

(i) Shada litafungwa na nani, na katika mji gani? Omba jina la duka au la mpambaji, na namba yake ya simu. Mpigie mwenyewe.

(ii) Ni maua gani yatakayotumika, mangapi, na ni mabichi au ya plastiki? Neno “maua” peke yake halitoshi.

(iii) Yakikosekana, yatabadilishwa kwa maua gani? Taka uulizwe kwanza.

(iv) Bei yote ni kiasi gani, ikiwemo usafiri na bodaboda ya mwisho?

(v) Litafika saa ngapi, na litapokelewa na nani?

(vi) Lisipofika kwa wakati, fedha zitarudishwa kwa njia gani na ndani ya siku ngapi?

(vii) Je, nitapata risiti? Mwenye mashine ya kielektroniki ya kodi anawajibika kutoa risiti ya mashine hiyo. Mfanyabiashara mdogo asiyelazimika kuwa nayo aandike risiti ya mkono yenye jina, tarehe na kiasi.

Majibu yaombe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, nawe uyahifadhi. Inapowezekana, lipa nusu kwanza na umalizie baada ya kupata picha ya shada lililofungwa. Unapolipa kwa Lipa Namba, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Kama halilingani na jina la duka, sitisha na uulize. Uwe macho pia na ujumbe ule uliozoeleka wa “ile pesa itume kwenye namba hii”. Humnasa kwa urahisi mtu ambaye kweli anasubiri kutumiwa namba ya kulipia.

5. Tukio na mahitaji yake

Msiba. Katika maziko ya Kikristo, makundi huitwa moja baada ya jingine kuweka mashada kaburini: watoto, wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu. Kundi likiitwa na shada lake halijafika, aibu huwapata wafiwa, ingawa kosa ni la muuzaji. Agiza shada lifike jioni ya siku ya kuamkia maziko, nawe uhakiki tahajia ya jina la marehemu kwenye utepe. Kama muda hautoshi, tuma rambirambi na umwombe ndugu afunge shada la maua ya bustani. Hakuna atakayeliona pungufu.

Harusi, kipaimara na mahafali. Ulizia mapema kwa kamati au kwa mpambaji wa ukumbi, ambaye huenda tayari anaagiza maua kutoka Arusha. Shada lako likisafiri na mzigo wake, gharama hupungua.

Mgonjwa. Zipo wodi ambazo haziruhusu maua. Kabla ya kutuma hospitalini, ndugu anayemuuguza mgonjwa amuulize muuguzi wa zamu.

6. Usafirishaji na upokeaji

Mtoa huduma ya kusafirisha vifurushi anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kifurushi kikipelekwa kwa basi, dai risiti yake na uandike jina la basi, namba ya gari na saa ya kuondoka. Vikonyo vya maua vifungwe kwa pamba au kitambaa chenye maji na kuzungushiwa plastiki, kisha shada liwekwe katika boksi lenye matundu, mbali na joto la injini. Lisipakiwe pamoja na ndizi mbivu wala maparachichi, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kunyauka kwa maua.

Mpokeaji alipige picha shada papo hapo, kabla ya kulipanga. Kisha akate ncha za vikonyo kwa mshazari, aondoe majani yatakayozama majini, na abadilishe maji kila baada ya siku mbili.

7. Ukidanganywa

Kwanza, mwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachodai, umpe muda maalumu wa kujibu. Pili, kama fedha zimekwenda kwa tapeli, piga simu mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa namba 100. Fedha ambazo hazijatolewa huweza kuzuiwa. Namba ya tapeli na ujumbe wake vitume kwa namba 15040, na utoe taarifa polisi. Tatu, malalamiko dhidi ya mfanyabiashara yawasilishe Tume ya Ushindani, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, ukiambatisha risiti, ujumbe na picha. Kwa muuzaji aliyeko wilayani, afisa biashara wa halmashauri husika ni mtu wa karibu wa kuanzia. Deni dogo linaweza pia kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo.

8. Maswali ya kujipima

Swali la 1: Tovuti imeandika “tunafika wilaya zote”. Je, huo ni uthibitisho kwamba ina muuza maua Katesh? Jibu: Hapana. Uthibitisho ni jina na simu ya mfungaji uliyezungumza naye.

Swali la 2: Uliagiza mawaridi mabichi, yakaletwa ya plastiki, na mpokeaji akayapokea kwa heshima mbele ya wageni. Je, umepoteza haki ya kulalamika? Jibu: Hapana, lakini usikawie. Piga picha na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo.

Swali la 3: Ni kitu gani kimoja cha kufanya kama huna muda wa kufanya mengine yote? Jibu: Mpigie simu atakayelifunga shada. Akikujibu kwamba yuko Mbulu au Hanang, kwamba anajua nyumba ya ndugu yako iko upande gani na kwamba maua anayo, lipa. Dalali akikataa kukupa namba ya mtu huyo, fedha zako zibaki kwako.