Dondoo muhimu: Muziki mzito bila bendi, Bangboka

Umeme ukirudi, chaji kompyuta kwanza. Vaa vipokea sauti; majirani wa Bangboka, penye uwanja wa ndege, kelele za ndege zinawatosha. Sauti ikichelewa baada ya kugusa kinanda, punguza bafa ya programu ya kurekodi hadi sampuli 128. Sauti ikianza kukwaruza, pandisha bafa hadi 256. Ngoma zipige kwa vidole vyako, mapigo 80 tu kwa dakika: uzito hautokani na kasi. Gitaa la programu lishushe, uzi mnene kabisa utoke E uwe D, kisha buni dakika 10 bila kusimama wala kufuta. Ukikwama, msikilize Flamme Kapaya, mpiga gitaa katika «more more more… future» (2009), onyesho la Faustin Linyekula wa Studios Kabako, Kisangani, lililokutanisha ndombolo na punk. Ulichorekodi usikipambe. Kesho anza upya.