Kabla Hujaomba Tawi, Geuza Jani

Wadogo zangu wapenda maua, leo tuongee taratibu, maana naona pesa zenu zinateketea. Jani likibadilika rangi tu, mtu keshakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Anapulizia, anarudia, na ua liko vilevile. Kama ni virusi, hakuna dawa ya kupuliza itakayoviondoa ndani ya mmea. Kwa hiyo jifunze kuvitambua mapema.

Mdogo wangu mmoja ameniletea jani la haibiskasi. Nimeliinua kwenye mwanga wa dirisha: vidoa vya njano vimetawanyika ovyo, vingine vimekuwa vipete, katikati bado kijani. Nikapitisha kidole, hakuna unga, hakuna ulowevu wala harufu. Ubwiri ungeacha unga mweupe, na bakteria mara nyingi huacha doa kama limelowa maji. Vipete vya namna hii vinanifanya nishuku virusi, kwani haibiskasi ina kirusi chake kinachochora hivyo hivyo, nacho huenea kwa mikasi na vipandikizi.

Lakini usiukatie mmea hukumu haraka. Ukikosa madini ya chuma, majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na upande wa kulia wa jani hufanana na wa kushoto. Virusi havina mpangilio huo. Waliokulia shambani wanaijua batobato ya muhogo: mabaka ya njano na kijani, jani limejikunja, mmea umedumaa. Tafuta sura hiyo kwenye petunia zako. Kwenye kana, angalia michirizi ya njano inayofuata mishipa. Kisha geuza jani! Utitiri nao hukunja majani machanga, na huo una dawa yake. Ukikuta vidukari au inzi weupe, wadhibiti, maana ndio wanaobeba virusi vingi kutoka ua hadi ua.

Sasa hili la kuombana matawi. Ni desturi nzuri na siwakatazi, ila mmea ukiwa na kirusi, tawi lake huwa nacho hata likionekana zuri. Ukishuku, utenge, usikate kipandikizi, na ufute mkasi kwa jiki: sehemu moja kwa tisa za maji. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa petunia. Kirusi cha batobato ya tumbaku, ambacho Mholanzi Martinus Beijerinck alikipa jina la virusi mwaka 1898, huweza kudumu ndani ya tumbaku iliyokaushwa.

Macho hukupa shaka, kipimo hukupa uhakika. Kuna vijiti vya kupimia vinavyofanana na vya mimba: unaponda jani kwenye maji yake maalumu, unachovya, mstari unajitokeza baada ya dakika chache. Kila kijiti hupima kirusi chake, kwa hiyo uliza kwanza kwa wataalamu wa afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Wapelekee majani machanga yenye dalili, si yaliyokwisha kukauka.

Ua la bei ndogo usilihangaikie; ling'oe, lichome. Ila wewe unayeuza miche, au unayetunza waridi la marehemu mama, pima mmea mama kabla hujakata pingili hata moja.