Land Rover ya Marehemu Babu: Uifufue au Uiuze?

Arobaini ikishapita na mali za marehemu zikaanza kutajwa moja moja, huwa kuna moja ambayo ndugu hawajui waiweke fungu gani: Land Rover 109 iliyolala nyuma ya nyumba, matairi yameishiwa upepo, kuku wanataga chini ya kiti. Mmoja anasema iuzwe chuma chakavu. Mwingine anasema ifufuliwe kwa heshima ya mzee. Na wewe, kwa kuwa uliwahi kubadilisha plagi ya pikipiki, wote wanakugeukia.

Ukitaka kujifunza ufundi, hilo si gari baya la kuanzia. Halina kompyuta, na sehemu nyingi zimefungwa kwa bolti tu. Toleo la Series III lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na injini yake ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, mafundi wengi wa umri mkubwa wanaijua vizuri. Tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 liliwakusanya Arusha wenye magari hayo kwa mamia. Spea na ushauri, kwa hiyo, bado vinapatikana.

Kabla ya kushika spana, shika karatasi. Gari la marehemu si lako hata kama alikuahidi mbele ya mashahidi. Tanzania, ukoo hukaa kikao, hupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Barua ya mahakama ndiyo humpa nguvu ya kuhamisha umiliki kwenye mamlaka ya mapato, TRA. Kenya nako jambo hupitia mahakamani kabla ya kufika kwenye mamlaka ya usafiri, NTSA. Ukitia milioni zako kwenye gari ambalo halijagawanywa, siku litakapong'aa utashangaa idadi ya warithi. Ukiwa na kadi ya gari mkononi, linganisha namba ya chasisi iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele karibu na springi. Linganisha na ya injini pia. Land Rover nyingi zimebadilishiwa injini, zikawekewa hata za Toyota au Nissan, na mabadiliko yasiyo kwenye kadi huleta usumbufu wakati wa bima, ukaguzi na mauzo.

Sasa lala chini uangalie chasisi. Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo, wala si kwenye rangi. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa hiyo inaweza kuonekana nzima huku chasisi ya chuma iliyoibeba imekwisha. Ujanja wa kupitisha sumaku ili kugundua puti hapa hausaidii, maana sumaku haishiki aluminiamu hata ikiwa safi kabisa. Chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga chasisi yote, ukianzia chuma cha nyuma kinachokatiza upande hadi upande, kisha mikono inayoshika bodi, na sehemu zinapofungwa springi. Chuma kizima hulia kwa mlio mkavu. Kilichooza hutoa sauti ya debe, na bisibisi huzama. Kagua pia ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa pembeni miguu inapokaa: ukuta huo ni wa chuma, na maji hupenda kutuama pale. Gari lililoishi Tanga au Bagamoyo likaguliwe kwa shaka zaidi kuliko la Dodoma, kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Tundu moja au mawili ni kazi ya mchomeleaji wa siku chache. Chasisi iliyooza kila mahali ni habari nyingine. Itabidi bodi yote ishushwe, na hiyo si kazi ya kujifunzia.

Kwa injini, kosa la kawaida ni kuleta betri mpya na kupiga stata papo hapo. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimegandana na kuta za silinda, na ukilazimisha utavunja. Kwa injini ya petroli, fungua plagi zote, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, acha siku mbili tatu. Kisha izungushe taratibu kwa mkono, kwa hendeli ya mbele kama ipo, plagi zikiwa bado nje. Ikizunguka, una mahali pa kuanzia. Mwaga petroli ya zamani iliyomo kwenye tangi, kwani huganda kama gundi na kuziba kabureta. Oili nayo ibadilishe. Ya dizeli mpe fundi wa pampu na nozeli.

Kuna anayekutisha kwamba petroli ya leo itaua injini ya kale kwa kuwa haina risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na magari hayo yameendelea kutembea. Viti vya valvu huweza kuliwa polepole, kweli, lakini vinaweza kutolewa na kuwekwa vigumu zaidi siku silinda hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Lisikukoseshe usingizi.

Breki ndizo za kukukosesha. Mpira uliolala miaka mingi hupasuka, na maji ya breki hunyonya unyevu na kutia kutu silinda kwa ndani. Badilisha mipira na mabomba laini yote, hata kama pedali inaonekana ngumu. Usipulize vumbi la ndani ya dramu, maana vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi; lilowesha kwanza. Na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tafuta stendi za chuma.

Matairi soma ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji, kwa mfano 2314, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hata kama meno yamejaa, tairi la umri huo si la barabara kuu.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kutolibomoa gari lote. Lifanye kwanza liwake, lisimame na lipinde kona salama. Rangi na viti vitakuja. Magari mengi hayafi kwa kutu. Hufa gereji, yakiwa vipande ndani ya maboksi, baada ya mwenyewe kuishiwa fedha na fundi kuhama. Mwombe fundi makadirio ya spea mbali, ya kazi mbali, ongeza nusu, halafu jiulize kama fedha hiyo ikipotea ada za watoto zitalipwa. Usihesabu faida. Gharama ya kufufua mara nyingi huzidi bei utakayouzia.

Basi: chasisi ikiwa nzima, injini ikazunguka, vipuri vikawa mahali pake na kadi ikawa safi, anza. Chasisi ikiwa imeoza na nusu ya gari haipo, msimamizi wa mirathi aliuze kwa mtu anayehitaji vipuri, bei igawanywe kwa warithi, na wewe ukanunue Land Rover inayotembea ujifunzie hiyo.