Kupiga Rangi Gari Nyumbani: Tuwakumbuke Watoto



Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la afya: kupiga rangi gari, bajaji au pikipiki katika ua wa nyumba tunamoishi.

Jumamosi moja ya kiangazi tuliitembelea familia moja pale Mwandiga. Baba alikuwa amenunua bajaji iliyokwisha kutumika, rangi imepauka na kutu imeanza kula pembeni. Alimwita fundi aje na kompresa yake. Kwa kuwa vumbi jekundu huharibu rangi mbichi, bajaji iliingizwa kwenye banda lililoungana na nyumba, na maturubai yakaning'inizwa pande zote. Hatua chache kutoka hapo mama alikuwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa. Mtoto wa miaka miwili alikuwa ameketi chini, anachezea unga uliobaki baada ya rangi ya zamani kupigwa msasa. Mikono na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Tulimwomba mama azime jiko kwanza na kumnawisha mtoto, naye akafanya hivyo mara moja. Baba akatuuliza kwa upole, "Mbona mafundi wote hufanya hivi, na hawafi?" Jioni yeye mwenyewe alishikwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na fundi akamshauri anywe maziwa ili yaondoe sumu.

Pale hapakuwa na mzembe. Bajaji ile ilikuwa ndiyo ada ya shule na chakula cha nyumba nzima. Lakini swali la baba yule linastahili jibu, nalo ndilo somo letu la leo.

VUMBI LA RANGI YA ZAMANI

Kabla ya kupuliza rangi mpya, fundi hukwangua ile ya zamani kwa msasa. Rangi nyingi za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, zilichanganywa na madini ya risasi ili ziwe na mng'ao, zikauke upesi na zidumu. Kwa macho huwezi kujua ni rangi ipi iliyo na risasi na ipi isiyo nayo. Kwa hiyo rangi yoyote ya zamani ihesabiwe kuwa inayo.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1904, kule Brisbane, Australia, daktari J. Lockhart Gibson aliandika kuwa watoto aliowatibu walikuwa wanapata sumu ya risasi kutokana na rangi ya nyumba zao wenyewe, kwenye kuta na reli za veranda. Walizishika kwa mikono, kisha mikono ikaenda mdomoni.

Karibu nasi zaidi, watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwezi Julai 2020 mahakama ya huko iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Chanzo kule kilikuwa betri, si rangi, lakini madini ni yale yale, na njia ya kuingia mwilini ni ile ile: vumbi tunalovuta na vumbi tunalomeza.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto anaweza kuwa mzito wa kujifunza, mkorofi asiyetulia, mwenye upungufu wa damu, maumivu ya tumbo au choo kigumu. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Kwa mama, risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na anapopata ujauzito hutoka na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Hapa ndipo jibu la swali la yule baba linapoanza. Fundi hafi siku ile, wala mtoto haanguki pale pale. Sumu hii haina kelele. Mzazi huja kulalamika miaka mitano baadaye kwamba mtoto wake hashiki masomo, na hakuna anayeikumbuka ile bajaji.

MVUKE WA TINA NA HADINA

Tina, yaani kile kimiminika chepesi cha kuzimulia rangi, hugeuka mvuke upesi sana. Mvuke huo ukivutwa huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu husikia kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, au hujiona kama amelewa. Katika banda lililofungwa anaweza hata kupoteza fahamu. Anayeuvuta kila siku kwa miaka huweza kudhurika kumbukumbu na mishipa ya fahamu. Tina hupenya pia kwenye ngozi. Wale wanaonawa mikono kwa tina au petroli ili kutoa rangi wanajiongezea sumu.

Baadhi ya rangi za magari huchanganywa na hadina, kimiminika cha pili kinachoifanya rangi ikauke ikiwa ngumu na yenye kung'aa. Ndani ya hadina nyingi mna kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kuleta pumu hata kwa mtu ambaye hajapata kuugua kifua. Mwili ukishazikataa, kiasi kidogo sana hutosha kumfanya mtu abanwe kifua, na fundi anaweza kulazimika kuiacha kazi yake. Usitegemee pua ikuonye, kwa maana zinaweza kukudhuru hata usiposikia harufu yake.

Sasa tuseme juu ya mambo matatu tunayoyaamini bure. Kwanza, maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, hali mvuke huingia kwenye mapafu na damu. Hayaondoi sumu hiyo. Pili, kitambaa puani, au barakoa ya karatasi kama zile tulizovaa wakati wa UVIKO-19. Hivi haviuzuii mvuke hata kidogo. Tatu, kuzoea. Anayesema ameizoea harufu hajapona. Pua yake tu ndiyo imechoka kumwonya.

MOTO

Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, na unaweza kulifikia jiko lililo mbali na kazi. Ukiukuta moto, mwako hurudi mbio mpaka kwenye kopo. Kwa hiyo haitoshi kulisogeza jiko, lizimwe. Sigara, koroboi, swichi ya umeme na cheche za kompresa huweza kuwasha moto vile vile.

TUFANYE NINI?

Lililo bora ni kulipeleka gari kwenye gereji iliyo mbali na makazi, yenye mahali maalumu pa kupulizia rangi. Kazi yoyote ya rangi yenye hadina isifanyike nyumbani kabisa. Katika nchi zenye vifaa, fundi wa rangi hiyo huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, kwa sababu vichujio vya kawaida haviaminiki kwa kazi hiyo.

Ikiwa familia haina njia nyingine na rangi ni ya kawaida, basi izingatie haya:

1. Watoto, wajawazito na wenye pumu waondoke kabisa. Wapelekwe kwa bibi au kwa jirani tangu msasa unapoanza, wasirudi mpaka usafi umekwisha na harufu imetoweka. Usiku ule asilale mtu katika chumba kinachopakana na mahali pa kazi.

2. Msasa uwe wa maji. Loanisha rangi ya zamani kabla na wakati wa kukwangua, ili vumbi lisiruke. Usikwangue kavu, wala usiichome rangi kwa moto, maana moshi wake hubeba risasi.

3. Tandika turubai au nailoni chini ya gari. Usifagie unga uliobaki. Ufute kwa vitambaa vibichi, uufunge pamoja na vitambaa hivyo ndani ya mfuko. Usiutupe bustanini, karibu na kisima, wala mahali kuku wanapochakura.

4. Puliza nje, penye hewa inayopita. Tunajua kwamba vumbi ni adui wa rangi. Mwagia uwanja maji, uchague asubuhi ambayo upepo haujaamka. Usijifungie ndani ya banda wala maturubai. Doa la vumbi juu ya rangi hufutika kwa msasa wa maji, lakini pafu likiharibika halina msasa.

5. Fundi avae barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya makaa kwa ajili ya mvuke, pamoja na miwani, glovu na nguo za mikono mirefu. Harufu ikianza kupenya, vichujio vimekwisha, vibadilishwe.

6. Zima kila moto kabla kopo halijafunguliwa. Kompresa ikae mbali na rangi, upande upepo unakotokea. Weka ndoo za mchanga karibu.

7. Tina isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Ibaki katika kopo lake na kufungiwa juu.

8. Baada ya kazi, fundi na baba wavue nguo nje, waoge, ndipo wawapakate watoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Rangi iliyoganda mikononi itolewe kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

9. Tina iliyobaki isimwagwe mtaroni. Mabonde yetu hushuka ziwani, na ziwa ndilo linalotulisha.

10. Unaponunua rangi mpya, uliza iliyoandikwa kuwa haina risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linashauri risasi isizidi sehemu 90 katika kila milioni ya rangi.

Lishe nayo husaidia. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi. Dagaa wetu wa Tanganyika wakiliwa wazima na mifupa yao hutoa kalisi. Maharage na mchicha hutoa chuma. Hii siyo dawa ya sumu, bali ni kinga ya ziada.

HUDUMA YA KWANZA

Aliyepatwa na kizunguzungu: mtoe kwenye hewa safi, umlegeze nguo. Akipumua kwa shida au akizimia, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Rangi au tina machoni: osha kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha umpeleke kwa mganga.

Aliyekunywa tina: usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta. Akitapika, tina huweza kuingia mapafuni na kumwua. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Aliyeungua: nguo zikiwaka, alale chini abiringike, au mfunike kwa blanketi. Kisha mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake majivu wala dawa ya meno. Kwa moto mkubwa piga simu ya Zimamoto, namba 114.

Na ikiwa mtoto wako alikaa penye vumbi la rangi, mweleze mganga wa kituo cha afya au wa Hospitali ya Mkoa ya Maweni waziwazi. Mganga hawezi kufikiria jambo ambalo hukumwambia.

Ndugu wazazi, bajaji ya familia ile iling'aa kweli, na tunamwomba Mungu aibariki kazi yake. Jumatatu baba aliufuta ule unga kwa vitambaa vibichi, akaufunga mfukoni, naye fundi akaahidi kwamba kazi ya pili ataifanyia uwanjani, si bandani. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kuwa miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tukilipamba gari, tusilibomoe hekalu.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika mtaa wetu, ni wapi magari, bajaji na pikipiki hupigwa rangi? Ni watoto wangapi hucheza karibu na hapo?

2. Je, nyumbani kwetu kuna chupa ya soda iliyowekwa tina, petroli au mafuta ya taa? Tutaitoa lini?

3. Mafundi wengi wa rangi ni vijana wetu. Jumuiya inaweza kuwasaidiaje wapate barakoa zinazofaa na uwanja wa kazi ulio mbali na nyumba?